Siku 21 za Kungoja

Soma Danieli 9:20–23 na 10:1–14. Katika sura ya 9, Danieli alikuwa angali akiomba Gabrieli alipofika. Katika sura ya 10 mtu yule yule, akimwomba Mungu yule yule, alingoja majuma matatu mazima. Hakula nyama, hakunywa divai, hakujipaka mafuta; hata majira ya Pasaka yalimkuta akiomboleza. Je, imani yake ilikuwa imepungua?

Mjumbe hakumkemea. Alimweleza kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, ila mkuu wa ufalme wa Uajemi alimpinga siku 21, hata Mikaeli akaja kumsaidia. Siku hizo zote Danieli hakujua lolote juu ya pambano hilo.

Mgonjwa wa muda mrefu huambiwa mara nyingi, wakati mwingine kanisani kwenyewe, kwamba angekuwa na imani zaidi angekwisha kujibiwa. Rafiki zake Ayubu walitafuta kosa ndani yake vivyo hivyo, nao ndio waliokemewa.

Utamwambia nini mshiriki aliyeombea jambo moja kwa miaka mingi, na hata leo hajui kwa nini jibu limekawia?