Daftari la Bibi ni la Nani?

Mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, miteremko ya Umatengo, kusini mwa Tanzania, hugeuka miraba. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huja na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Hiyo ndiyo ngoro: shimo la kunasa maji, tuta la kupandia maharage, na msimu unaofuata, mahindi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakishirikiana na wenzao wa Kyoto wameipima na kuiandika. Aliyefikiriwa kidogo ni mchimbaji, na yale aliyokuwa akiyawaza mgongo ukiwa umeinama.

Habari za siku kwa siku za eneo hili ziliandikwa kwanza na wageni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na walikuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu za misheni zao. Huko Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, amezikwa William Percival Johnson, mmisionari Mwanglikana aliyeishi kandokando ya ziwa hilo kwa zaidi ya miaka 40. Alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1924, akafariki 1928.

Mama wa shambani kalamu ilimfikia kwa kuchelewa. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na kufikia 1986 wasiojua walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Mwanafunzi wa kisomo aliyepata daftari hakuandika falsafa. Aliandika mvua, madebe ya maharage, kilo za kahawa, vibarua wasiolipwa, mtoto mwenye homa.

Leo mwandishi huyo, bibi wa mtu, ni marehemu, na mjukuu aliyeko Songea au Dar es Salaam anapiga picha kurasa zake ili azirushe kwenye kundi la ukoo. Je, ni haki yake?

Wazee wanaoyaheshimu mahoka, yaani mizimu ya wahenga, hawawezi kusema kwamba aliyekufa hana tena neno, kwa kuwa kwao mhenga bado ni mwanaukoo, na anaweza kukasirika. Mkatoliki naye huwaombea marehemu wake kila Novemba 2. Kwa wote wawili, basi, daftari si mali iliyoachwa bila mwenyewe. Hapo wanakubaliana kuliko wanavyodhani.

Lakini heshima isigeuzwe pazia. Mtakatifu Agustino alimzika mama yake Monika huko Ostia mwaka 387, na miaka kama 10 baadaye, katika *Maungamo*, akaueleza ulimwengu kwamba mama huyo, alipokuwa binti, alikuwa akionja divai kwa siri kila alipotumwa kuichota, hadi mtumishi alipomwita mlevi na aibu ikamwachisha. Mwana gani huandika hivyo? Agustino alikuwa na sababu: kabla hajamaliza habari za Monika anawasihi wasomaji wamkumbuke altareni, yeye na mumewe Patrisi. Alitaka waombewe watu waliokuwa na damu na kiu. Mtu aliyekwisha kusafishwa doa lote anahitaji sala ya nani?

Kwa hiyo ukurasa ambamo bibi ananung'unika kwamba yeye ndiye aliyepalilia kahawa na babu ndiye aliyeshika hela, usichanwe. Wala siku alizoandika maneno mawili tu, "mvua, maharage", zisirukwe kwa kuonekana hazina kitu. Anayetaka kumwombea mtu kwa haki lazima ajue alichokibeba.

Kikomo kiko kwingine: kwa walio hai. Zamani, katika sengu, wanaume wa ukoo wa Kimatengo walikula pamoja nyumbani kwa mzee na kuzungumza mambo yao kabla hayajatoka nje. Wanawake hawakuketi pale kama wanaume, na hilo ni dosari ya mfano huu, lakini utaratibu wenyewe unafaa. Daftari lisomwe kwanza nyumbani, mashangazi wakiwepo. Jirani aliyeandikwa kuwa aliiba mkungu wa ndizi hakupata nafasi ya kujitetea, na watoto wake bado wanachota maji mto uleule. Jina lake lifunikwe mpaka wao waulizwe. Deni la bibi mwenyewe lisomwe kwa sauti, kwa sababu huenda bado kuna anayelidai.