Ndege ya Mfano Iliyobadilishwa: Je, Ni Ileile?

Ndege ya mfano inayoongozwa kwa rimoti haidumu na vipande vyake vya mwanzo. Bawa la foamu au la mbao ya balsa hupasuka ndege ikitua vibaya; hugundishwa, hupasuka tena, mwisho hutengenezwa jipya. Mwenyewe naye hatulii: huweka mota yenye nguvu zaidi, huchonga mkia upya, hutoa magurudumu na kufunga maboya ili ndege itue majini. Inaweza kufika siku ambapo hakimo hata kipande kimoja cha awali. Je, hiyo ni ndege ileile?

Plutarch aliandika juu ya swali hilo kwa mfano wa merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadili mbao zilizooza. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes alilikaza fundo: mtu akiziokota mbao zote za zamani na kuziunga upya, merikebu ya kweli ni ipi? Kwa mrusha ndege hilo si la kufikirika tu, kwani mabaki huwa yamo ndani ya boksi.

Wapo watakaosema ndege ni ramani yake. Mjini Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, jibu hilo linakwama. Uso wa ziwa hilo uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya wilaya jirani ya Muleba viko juu zaidi. Hewa ya ziwani ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10, hivyo ndege iliyochorewa pwani huhitaji mwendo wa ziada, asilimia 5 hivi, ndipo bawa liibebe. Fundi hurefusha bawa au hupunguza uzito, kisha husogeza betri ili ndege isielemee mkiani. Ramani imebadilika, na hakuna anayeiita ndege nyingine.

Jibu la mwendelezo, kwamba kitu hubaki kilekile mradi sehemu zake zinapokezana hatua kwa hatua, lina nguvu zaidi, na Wahaya wa huko wana mfano wake: kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mgomba huzaa mara moja, hukatwa, chipukizi lake hushika nafasi. Mashina aliyoyapanda babu hayapo, kibanja ni kilekile. Lakini mnyauko wa bakteria ulipothibitishwa Muleba mwaka 2006, dawa haikuwapo ila kung'oa. Palipong'olewa mashina yote na kupandwa miche ya kwingine, uzao ulikatika. Kibanja hakikupotea, maana makaburi ya wazee yalikuwa palepale na familia iliendelea kula humo.

Ndege ya mfano haina makaburi. Ina kumbukumbu ya rimoti, ambamo marekebisho ya kila ndege huhifadhiwa kwa jina lake. Bawa jipya likihitaji marekebisho madogo tu, fundi hubaki kwenye jina la zamani. Mazoea ya mkono wake yakishindwa kuiongoza, hufungua jina jipya. Hicho ni kipimo cha matumizi, na kwa chombo kilichoundwa ili kitumike hakuna kilicho bora zaidi. Mabaki ya Hobbes yakiungwa hupewa jina lao. Kipokea mawimbi ya rimoti nacho si roho ya ndege: kikihamishiwa kwenye kiwiliwili kingine, jina la zamani halihami nacho.