Nani Anaitwa Barazani?

Kwetu Nungwi baraza ni kitu cha saruji. Linajengwa mbele ya nyumba, watu wanakaa wakisubiri kahawa, na anayepita akatoa salamu anakaribishwa. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kuna baraza jengine, ambalo kukaa kwake kunataka sheria, tena sheria ya Ulaya.

Nililijua kwa aibu. Machi 2020, ndege za watalii zilipokatika, nilikuwa msimamizi wa zamu mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, mali ya kampuni ya Ulaya ambayo sitaitaja. Asubuhi moja ikaja barua pepe: hoteli inafungwa, mikataba ya muda haiongezwi, wengine likizo bila ya malipo. Nikaitwa ofisini niifasiri. Nikaifasiri vizuri, hata nikayalainisha maneno. Baada ya kusomwa, meneja akauliza kama kuna swali. Watu wote wakanitazama mie, maana ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi. Nikasema hakuna.

Jioni mpishi mmoja Mtaliano akaniambia kuwa wenzake wa kampuni hiyohiyo huko kwao walikwisha kuelezwa mapema, kupitia baraza lao. "Nyie hamna mtu mle?" Aliuliza kwa nia safi kabisa, na ndiyo maana swali lake halijanitoka.

Hatuna. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1994, lililoandikwa upya 2009, linahusu kampuni yenye wafanyakazi wasiopungua 1,000 katika nchi wanachama, na angalau 150 katika kila moja ya nchi mbili. Wafanyakazi wakiomba inavyotakiwa, kampuni lazima ikae nao kujadili kuunda baraza. Humo wanapashwa habari na kushauriwa juu ya mambo yanayovuka mipaka, kama kufunga sehemu za kazi au kupunguza watu. Hawapigi kura, uamuzi unabaki kwa wenye mali. Na katika kuhesabu hao 1,000, anayetandika vitanda Nungwi hahesabiwi. Sheria haikatazi kumkaribisha, pande mbili zikikubaliana. Volkswagen tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ina baraza la dunia nzima, wanakaa humo mpaka wajumbe wa Brazili na Afrika Kusini.

Mjomba wangu, fundi wa majahazi, nilipomweleza alicheka. "Sasa mtu keshaamua kukufukuza, kukwambia mapema ndiyo nini?"

Ana hoja. Februari 1997 Renault ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Vilvoorde, Ubelgiji, chenye wafanyakazi zaidi ya 3,000, bila ya kushauriana nao kwanza. Mahakama zikasema kampuni imekosea. Kiwanda kikafungwa vilevile.

Lakini mimi nadhani mjomba anajibu swali ambalo sikumuuliza. Yeye mwenyewe anajua kuwa chomboni anayeamua ni nahodha, na dhoruba ikija hakuna kura. Hata hivyo nahodha yumo chomboni. Baharia anauona uso wake, na bahari wanayoiona ni moja. Kinachonikera kwenye ile barua si kwamba uamuzi ulikuwa mbaya; ndege hazikuwepo, ungeamua nini? Kinachonikera ni kwamba aliyeiandika hakulazimika kutafuta maneno ambayo angeweza kunambia usoni. Ukijua kuwa kesho utakaa na mtu umweleze sababu, leo unazipima sababu zako. Nyengine utaona haya kuzitamka, na pengine utaziacha.

Wapo watakaosema tunacho chama cha wafanyakazi, na Sheria ya Uhusiano Kazini ya Zanzibar ya 2005 inaturuhusu. Kweli. Chama kinakaa na meneja, na meneja wetu ile barua aliipata asubuhi ileile niliyoipata mie. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, basi tu. Wachukuzi wa bandarini Unguja walipogoma mwaka 1948, na mgomo ukaenea mji mzima, hawakuwa na haki tulizonazo leo, lakini wakubwa waliogomewa walikuwepo mjini humohumo, wakiisikia bandari ilivyonyamaza. Sisi tungegoma, nani angesikia? Hoteli ilikwisha kufungwa.

Kwa miezi kadhaa niliyasema haya kila nilipopata msikilizaji, kwa uchungu wa mtu aliyeachwa nje ya mlango. Kisha siku moja nikapita kwa jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka pale hotelini kwa malipo ya siku. Nikamwamkia, akanikaribisha barazani. Nikaanza hadithi yangu ya Ulaya na wajumbe na kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachagua mchele.

Siku ile ya barua walioitwa ni wenye vitambulisho. Vibarua waliikuta geti imefungwa. Na katika mikutano yetu yote ya kamati, niliyoandika kumbukumbu zake kwa mkono wangu, hakuna aliyewahi kutaja kwamba nao waitwe.

"Kumbe, mwanangu," akasema, "mlikuwa na kamati?"