Sauti Ile Ni ya Nani?

Somo: Yohana 10:1-5, 1 Yohana 4:1

Kule Marekani, kwenye milima ya Rocky, majimbo kama Colorado na Montana, kuna mnyama anaitwa elk. Ni wa jamii ya ayala tunayemsoma katika Zaburi 42, lakini mkubwa. Dume hufika kilo 300. Ana masikio na pua kali, na mwindaji wa upinde lazima awe karibu naye, mita 30 au 40 hivi. Sasa atamfikiaje? Hamkimbizi. Anamwita.

Nataka uone hapo. Septemba ni msimu wao wa kupandana. Mwindaji anaweka kipande chembamba cha mpira kwenye kaakaa, anapuliza, unatoka mlio mwororo wa jike. Ama anapuliza kwenye bomba, unatoka mlio wa dume mwingine aliyekuja kumnyang'anya majike wake. Yaani anajua mwezi huu huyu anatamani nini na anaogopa nini. Sauti inapitia hapo hapo.

Na mara nyingi wanakuwa wawili. Anayeita anakaa nyuma. Mwenye upinde yuko mbele, kimya. Dume anakuja akitafuta ile sauti, kumbe mshale uko kwa yule asiyesema kitu.

Wiki hizi mbili, akina mama watatu wa kanisa hili wametumiwa sauti kwenye simu, inafanana na yangu kabisa, ikisema nimeona laana juu ya mtoto, watume sadaka ya ukombozi kwa namba fulani kabla ya usiku wa manane. Mmoja, mjane, alituma karo ya muhula mzima. Simlaumu. Mtoto wake alikuwa amelazwa, na aliyeita alijua.

Lakini kuna dume hapigwi kirahisi. Akisikia mlio haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka upande upepo unakoelekea, kisha ananusa. Sikio linasema jike, pua inasema mtu. Huyo anaenda zake. Ndiyo maana wawindaji huchunga sana upepo. Mtume Yohana akituambia tuzijaribu roho, ndiko huko kuzunguka. Wengine mmefundishwa kwamba kuuliza ni kumpinga mtumishi wa Mungu. Hapana, hapo mimi sikubali. Wale kondoo wa Yohana 10 waliijua sauti kwa kukaa na mchungaji wao kila siku, si kwa sababu ilikuwa na mngurumo.

Basi sikia, mpendwa: mimi siombi pesa kwa simu, usiku wala mchana. Ukisikia sauti yangu ikiomba, usitume. Nenda kwa mzee wa kanisa aliye karibu nawe, au uje kwangu, hata ikiwa ni saa saba usiku tutakufungulia. Na kuhusu karo ya yule mtoto, kikapu kitakuwa mlangoni Jumapili hii, baada ya ibada ya pili.