Kuzua na Kuvumbua

Katika mtaa wa Majengo, Moshi, palikuwa na fundi bati aliyeunda jiko la makaa lisilofanana na majiko ya wenzake. Chini ya wavu alitia kisanduku chembamba kivutwacho kama mtoto wa meza. Majivu yakakusanyika humo, na mpishi hakulazimika tena kulipindua jiko zima ili kulisafisha. Jiko likaletwa barazani litazamwe. Mzee mmoja, mzaliwa wa pwani na mkazi wa Majengo kwa miaka mingi, aliligeuzageuza mikononi, akacheka kwa furaha, akasema, "Kijana huyu mzushi kweli kweli." Fundi alitwaa jiko lake akaenda zake bila kuaga. Jioni ilimpasa mzee amfuate nyumbani kumweleza kwamba alimsifu wala hakumtukana. Sidhani kama fundi aliamini, maana kwa mwezi mzima hakupita mbele ya baraza ile.

Nimeifikiri sana habari hii. Mzee hakukosa lugha. Kuzua, katika maana yake ya zamani, ni kuleta jambo ambalo halikuwapo machoni pa watu, liwe jema au baya. Fundi naye hakukosa, kwa kuwa katika matumizi ya leo mzushi ni mwongo, mchonganishi, mtu aanzishaye habari isiyo na miguu. Na misikitini neno uzushi hutumika kwa bidaa, yaani jambo jipya lililoingizwa katika dini bila ruhusa. Neno moja lilitoka kinywani likiwa sifa, likafika sikioni likiwa tusi.

Lugha yetu ina desturi ya kutangua tendo kwa kubadili mwisho wa neno: tunafunika na kufunua, tunaziba na kuzibua, tunapanga na kupangua. Kuzika na kuzua ni ndugu wa namna hiyo. Azuaye hutoa juu kilichozikwa, na ndiyo sababu kizuki hicho chaweza kuwa mali au chaweza kuwa mzuka. Kuvumbua nako kuna nduguye, kuvumbika, yaani kufukia kitu katika majivu, udongo au majani. Hapa mlimani hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha neno hili. Ndizi za mbege hazipikwi mbichi. Mkungu ukishakatwa huvumbikwa, wengine husema huvundikwa, hata uive. Siku ya kufunua, mtu hutoa kitu ambacho hakukiumba, lakini ambacho bila mkono wake kisingalionekana. Sijapata maelezo ya mvumbuzi yanayonitosheleza kuliko hayo.

Kubuni ni jamaa wa ugenini. Hulinganishwa na neno la Kiarabu la kujenga, na kwa hiyo mtaa uitwao Majengo unastahili kulipenda. (Wakulima wa Kilimanjaro wana buni nyingine, ile ya kahawa, lakini hizo zimekutana kwa sauti tu.) Abuniye hujenga kwa akili: hubuni hadithi, hubuni chombo, na pia hubuni kisingizio. Katika siku zetu ubunifu umepandishwa cheo. Hupewa mashindano ya taifa, tuzo na hotuba, mpaka kila kipya huitwa ubunifu na kila mbunifu hudhaniwa kuwa mwema. Hapo ndipo ninapoanza kuwa na shaka.

Tazama habari za mlima wenyewe. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai, aliona weupe juu ya Kibo akaandika kwamba ni theluji. Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia aliyeichora Afrika akiwa mezani kwake, aliyakataa maneno hayo miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlimani akafikwa na theluji, na tangu hapo yule aliyedhaniwa mzushi akaitwa mgunduzi. Theluji ilikuwa ile ile. Lakini Rebmann hakwenda peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani kabla yake. Wala Wachaga, walioyateremsha maji ya mlima mashambani kwa mifongo, hawakungoja mgeni awaarifu kwamba huko juu kuna baridi. Zamani kugundua kulikuwa kumfikia mtu ghafula pasipo yeye kutambua. Kwa maana hiyo sijui ni nani aliyemgundua mwenzake siku ile, Rebmann au Kibo.

Mtu ataweza kusema, basi, kwamba tofauti ya mzushi na mvumbuzi ni masikio ya wasikiao tu. Sikubali. Katika miaka ya karibuni walitokea watu katika nchi yetu waliozua kwamba viungo vya mwenye ualbino huleta utajiri, na makumi ya watu waliuawa kwa ajili ya maneno hayo, hasa katika kanda ya Ziwa. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya, na lilikuwa na wanunuzi. Ikiwa upya ni sifa ya kutosha, hatuna neno la kuwalaumia watu hao. Pana kitu nje ya masikio: chini ya majani mna ndizi, au hamna.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963, alipotengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaifanya dhihaka hiyo kuwa wimbo wa kila kosa lake. Ndipo akaja Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, na kijana akauliza tena, wenzake wakacheka tena. Osborne hakusema kweli, wala hakusema uongo. Alirudi Dar es Salaam akaagiza maji yapimwe. Makala yao ilitoka mwaka 1969, wakati Mpemba akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, juu kidogo ya mji wetu wa Moshi.

Wengine husimulia kisa hiki kama ushindi, wakakomea hapo. Mimi naona kina utamu zaidi kikiendelea. Aristotle alikwisha kutaja jambo kama hilo zaidi ya miaka elfu mbili nyuma, hivyo Mpemba hakuwa wa kwanza. Tena mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima wakaandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hutangulia kupoa, na ubishi haujaisha. Je, tumrudishie kijana jina la mzushi? Hapana. Mzushi hujua, au hajali kujua, kwamba chini hamna kitu. Mpemba alisema alichokiona, akaomba kipimwe. Wajibu wake ulikwishia hapo. Uliobaki ulikuwa wa wale waliomsikia, na katika darasa zima ni mgeni mmoja tu aliyeutimiza.

Mzee wa baraza, baada ya mwezi ule, alikwenda kwa fundi akalinunua jiko kwa bei kamili, akalipikia. Nilimwuliza habari zake. Akaniambia majivu hukusanyika vizuri sana, ila kisanduku kikishashika moto hakivutiki kwa mkono mtupu, na amekwisha kumwambia fundi atie kishikio cha mti.