Feki Ni Jiwe, au Ni Maneno?

Hapa Umoja neno "orijino" lina kazi nyingi. Viatu, chaja, hata mapenzi, tunauliza kama ni orijino. Kwa hivyo ukitaja pete ya almasi ya maabara, mtu atakucheka: "Si hiyo ni feki?"

Zii. Kioo kinachong'aa ndicho feki, kwa sababu si almasi. Almasi ya maabara ni kaboni, imepangika vilevile kama ile iliyochimbwa. Kipande kidogo cha almasi huwekwa ndani ya mashine, kikakuzwa kwa joto na shinikizo kali, au kwa gesi yenye kaboni. Wiki chache, jiwe liko tayari. Ya ardhini huenda ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Hata sonara hawezi kuzitofautisha kwa macho tu, lazima atumie kifaa maalum.

Basi mbona ya maabara ni bei rahisi hivyo? Kwa sababu kesho mashine itatoa nyingine. Kwa ya ardhini, tunalipia uhaba na hadithi.

Sawa, tuisikie hadithi yote. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, aliouanzisha John Williamson mwaka 1940, ulitoa almasi ya pinki ya karati 54.5, ikawa zawadi ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Tamu, sivyo? Lakini mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi mgodini humo, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya Watanzania waliosema walipigwa na kujeruhiwa na walinzi. Sehemu hiyo haiwekwi kwenye kisanduku cha pete.

Maabara nayo isijitakase. Mashine hula umeme mwingi, na pengine umeme huo ni wa makaa ya mawe. Tena mashine hailipi mshahara wa mtu yeyote Shinyanga.

Mimi niliacha chuo, na kuna wanaouliza cheti kabla ya kusoma nilichoandika. Hata hivyo sisemi asili haina maana. Ina maana, ila isimuliwe yote. Anayekuuzia ya maabara akikwambia imechimbwa amekudanganya, ingawa jiwe ni almasi kamili. Anayekuuzia ya ardhini akaficha waliyopitia watu pale ilikotoka, naye je?

Kabla hujauliza kama jiwe ni orijino, uliza kama maneno ya muuzaji ni orijino.