Kazi Usiyoipenda: Uondoke au Ubaki?



Ndugu zangu katika imani, hapa Mbale mwaka wa mwisho unapokaribia, mazungumzo ya bwenini baada ya Isha huwa ni ya kazi. Kila mmoja anataka kazi atakayoipenda kweli. Ni ombi zuri. Lakini wengi waliotutangulia wako kazini tayari na hawana furaha. Je, Muislamu anaweza kuacha kazi ya halali kwa sababu tu haipendi?

Swali hili kwangu si la darasani. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi kiwandani Jinja, zamu ya usiku, na sehemu kubwa ya ada yangu inatoka katika mshahara wake. Moyo wake uko kwenye useremala tangu utotoni. Likizo iliyopita aliniuliza: "Mdogo wangu, wewe unasoma dini. Nikiiacha kazi hii nikashika randa, nitakuwa nimekosea?"

Historia ya Jinja ina jibu lake. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaufanya mji ule kuwa mji wa viwanda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, viwanda vingi vikadorora, na watu wakakosa kazi. Mzee aliyeyaona hayo akimsikia kijana akilalamika kuhusu kazi yake, humwambia: shukuru, wenzako hawana. Ni kweli, lakini haitoshi, kwani kushukuru neema hakumzuii mtu kutafuta iliyo bora. Jibu jingine tunalisoma kwenye simu zetu kila siku: fuata moyo wako, acha kazi kesho asubuhi. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba kwetu mshahara mmoja hulisha nyumba tatu.

Aliyenisaidia kufikiri ni Imam al-Ghazali (r.a.). Mwaka 488 Hijria, yaani 1095, alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad, akiwa na wanafunzi 300. Kwa macho ya watu hakukuwa na kazi bora kuliko ile. Lakini alipojichunguza aliona kwamba kinachomsukuma kufundisha ni cheo na sifa. Alisitasita kwa karibu miezi sita, hadi ulimi ukashindwa kusomesha na chakula kikawa hakishuki. Mwishowe aliondoka.

Tazameni alivyoondoka. Aligawa mali yake, lakini alibakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Hakuwaacha wanaomtegemea wakiangalia mlango. Na baada ya miaka kama kumi na moja alirudi kusomesha, safari hii Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal anaeleza kwamba kilichobadilika ni nia.

Kwa hiyo, kabla ya kusema "siipendi kazi hii", mtu ajiulize ni kitu gani hasa kinachomchoma. Kama kazi yenyewe ni ya haramu, suala la kupenda halipo. Atafute njia ya kutoka haraka. Kama ni dhuluma, mshahara unachelewa au unakatwa bila haki, subira isigeuzwe pazia la kumfichia mwajiri. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na kuidai haki hiyo si utovu wa shukrani. Kama ugonjwa uko kwenye nia, kuhama ofisi hakutauponya, kwa sababu atahama nao. Na kama kazi ni halali, malipo ni ya haki na nia ni safi, ila moyo uko kwenye kazi nyingine ya halali, hapo sioni dhambi ya kuitafuta. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala, na Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake.

Kaka yangu yumo katika fungu hili la mwisho. Nilikuwa na dalili zote za kumjibu, na bado jibu lilikuwa zito mdomoni. Nikimwambia "subiri", ni fiqhi inayosema au ni ada yangu? Hili ndilo ningependa tulifikirie sisi wanafunzi. Wengi wetu tunasoma kwa jasho la mtu asiyeipenda kazi yake: baba, dada, mjomba. Ni rahisi kumhubiria subira mtu ambaye subira yake inatulipia masomo. Anayefaidika na uchovu wa mwenzake hafai kuwa mufti wake, mpaka kwanza aupunguze mzigo aliomtwisha.

Nilimwambia nilichokiamini: hatakuwa amekosea. Tulishauriana na mama, kisha yeye akaswali istikhara. Tumekubaliana kwamba siku zake za mapumziko ataenda kwa fundi mmoja mtaani kwao, na mshahara hatauacha mpaka randa ianze kulisha nyumba. Mimi kwa upande wangu nimeanza kuwasomesha watoto Qur'ani jioni, na malipo yake, japo madogo, yanaingia kwenye ada.

Ndugu msomaji, ukifika nyumbani likizo hii, muulize anayekusomesha kama anaipenda kazi yake. Msikilize mpaka amalize, na usimkatize kwa aya. Kisha mwambie sehemu gani ya mzigo utaibeba wewe.

Allah (s.w.) atupe riziki ya halali na nyoyo zinazoridhika nayo, na awalipe kheri wanaotuhangaikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.